Kisiwa cha likizo mwezi wa Agosti: angalia upepo kabla ya picha

Mkuu mleta uzi, nimesoma swali lako mara mbili. Una siku tisa mwezi wa Agosti, mnakwenda wanne: wewe, mkeo, mtoto wa miaka sita na mama yako ambaye magoti yanamsumbua. Umebaki na majina manne, yaani Maldivi, Shelisheli, Morisi na Bali, na unasema picha zote zinafanana hadi huoni pa kuanzia. Wadau waliotangulia kila mmoja kakutajia kisiwa alichokipenda yeye. Mimi nitaanzia kwingine, maana nilishawahi kuchagua kisiwa kwa picha na cha moto nikakiona.

Ilikuwa Agosti hiyohiyo, Morisi, upande wa mashariki karibu na Belle Mare. Picha za hoteli zilionyesha maji ya feruzi yametulia kama yamemiminwa kwenye sinia. Tukafika usiku. Alfajiri nikaamshwa na mluzi, nikadhani kuna mtu kasahau birika jikoni. Kumbe ni upepo unapenya kwenye ufa wa mlango wa kioo wa roshani. Nje viti vya ufukweni vimelazwa kifudifudi na kufungwa kamba, bwawa la kuogelea limejaa sindano za mivinje, na ukitembea mchangani chembe zinakuchoma miguuni kama pini. Siku tatu tukashinda ndani tukicheza karata. Siku ya nne dereva mmoja akatuonea huruma, akatupeleka Flic en Flac, upande wa magharibi. Bahari imelala. Watoto wamekaa majini hadi kifuani wanachota mchanga kwa vikombe. Kisiwa kilekile, siku ileile, na tulikuwa tumesafiri kwa gari tu, tena si mbali, maana Morisi yote ina urefu wa kilomita 65 hivi.

Picha ya hoteli haikuwa ya uongo. Ilipigwa mwezi mwingine.

Tangu hapo naanza na mwezi wa likizo, nafuata upepo, kisha upande wa kisiwa. Jina la kisiwa linakuja la nne. Wewe mwezi unao tayari, kwa hiyo kazi imepungua.

Agosti, Bahari ya Hindi kusini mwa ikweta ni mali ya kusi. Unavuma kutoka kusini-mashariki, kuanzia Mei hadi Septemba, mara nyingine unaingia Oktoba. Ufukwe wowote unaotazama kusini au mashariki unachapwa, na ule unaotazama kaskazini-magharibi unapumzika nyuma ya milima. Ikifika Desemba kaskazi inageuza mambo. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kwenda ufukwe mmoja, mmoja akarudi anausifu na mwingine akarudi anatukana, na wote wana haki.

Shelisheli ndiyo inayoonyesha jambo hili wazi kuliko kote nilikofika. Kuna mdau hapo juu kaandika kwamba hali ya hewa yake ni ileile mwaka mzima. Kwa joto, kakaribia ukweli, maana Mahé, kisiwa chake kikuu, iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta na kwa kawaida vimbunga haviifikii. Kwa bahari, hapana. Boti ya kutoka Mahé kwenda kisiwa cha Praslin ni safari ya saa moja hivi, lakini saa moja ya kusi ni ndefu. Nilipanda Julai mwaka mmoja. Wahudumu walianza kugawa mifuko ya kutapikia kabla hatujatoka bandarini, na hawakuwa wakitania. Mama mmoja mtu mzima aliyekaa mbele yangu alishika mkono wa kiti kwa mikono miwili, hakufumbua macho mpaka tumefunga gati. Mfikirie mama yako hapo.

Ukishuka La Digue, kisiwa cha tatu, ufukwe wa Anse Source d'Argent uko magharibi, imekingwa na mwamba wa matumbawe, maji ni ya magotini, ndiyo ile yenye mawe makubwa ya matale unayoyaona kwenye kila kalenda. Pandisha kilima uvuke kwenda Grand Anse upande wa pili: mchanga mzuri kuliko wote, mawimbi marefu, na mabango ya kuonya juu ya mikondo. Mwezi wa kusi mtoto wa miaka sita hachezi pale hata kwa kushikwa mkono. Praslin nako, Anse Lazio inatazama kaskazini-magharibi kwa hiyo Agosti inafaa, wakati fukwe za upande unaopigwa na upepo zinaletewa mwani kwa marundo. Shelisheli ni nzuri kweli, na Vallée de Mai yenye minazi ya coco de mer ningeirudia kesho. Ila mimi ningeenda Aprili au Novemba, wakati wa maleleji, pepo zinapobadilishana zamu na bahari inalala. La Digue kwenyewe watu wengi huzunguka kwa baiskeli, jambo tamu ukiwa na magoti mazima.

Maldivi ni kesi nyingine, kwa sababu haina milima ya kujificha nyuma yake. Ni visiwa karibu 1,200, na sehemu kubwa ya ardhi yake haifiki mita mbili juu ya bahari. Agosti ni msimu wa upepo wa kusini-magharibi, wenyewe wanauita hulhangu: mvua zinakuja kwa vipindi, mawingu yanapita, jua linatoka, halafu tena. Wengine wanaukwepa msimu huu. Mimi siukwepi sana, kwa sababu visiwa ni vidogo kiasi kwamba ufukwe wa upande huu ukichafuka unavuka kwa miguu dakika tano unakwenda wa upande wa pili. Tena hulhangu ndio unaosukuma chakula cha samaki hadi ghuba ya Hanifaru, atoli ya Baa (atoli ni duara la visiwa vya matumbawe), na samaki taa wakubwa aina ya manta wanakusanyika pale kati ya Juni na Novemba. Anayependa kuogelea kwa miwani na mrija, huo ndio msimu wake.

Kwa safari yako, hata hivyo, naona vikwazo viwili. Ndege za kutua majini zinaruka mchana tu. Mimi ndege yangu kubwa ilitua Malé jua linazama. Ya majini ya mwisho ilikuwa imeshaondoka, na usiku mmoja wa kisiwa nilioulipia ukaliwa na chumba cha karibu na uwanja wa ndege. Sasa geuza kibao: mama yako augue usiku kwenye atoli ya mbali, ndege ile ile haiji hadi kuche. Ukikaa atoli ya Malé yenyewe, boti ya kasi inafika hata usiku, hivyo ukiamua Maldivi basi usiende mbali. La pili ni zile nyumba za juu ya maji. Zinapendeza, ila ngazi ya kibarazani inashukia baharini moja kwa moja, na mwenye mtoto wa miaka sita hapati usingizi. Chukua za ufukweni. Na kama utakaa visiwa vya wenyeji badala ya kisiwa cha hoteli, gharama inashuka sana, ila ujue pombe hairuhusiwi na mavazi ya kuogelea ni kwenye ufukwe uliotengwa tu. Mie hilo halikunisumbua hata kidogo, wapo linaowasumbua.

Kuhusu Karibi aliyoipendekeza mdau mwingine: msimu wa vimbunga ni kuanzia Juni mosi hadi mwisho wa Novemba, na Agosti hadi Oktoba ndio moyo wake. Mwaka 2024 kimbunga Beryl kilikivuruga kisiwa cha Carriacou, Grenada, tarehe 1 Julai, mapema kabisa. Aruba, Bonaire na Curaçao ziko kusini mno, vimbunga huwa vinapita kaskazini yao, kwa hiyo hizo tatu Agosti zinaendeka. Pia tangu 2011 kuna mwani wa sargassum unaoelea kutoka Atlantiki na kujaza fukwe za upande wa mashariki, na ukioza harufu yake haivumiliki. Kwa safari hii ningeiacha.

Halafu yule aliyesema Paje, Unguja. Paje ni pazuri, lakini mwambieni mgeni habari ya maji kupwa. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mchanga, tofauti ya kujaa na kupwa ukanda ule inafika mita nne, na bahari inaondoka mpaka unaiona kama mstari kwa mbali. Mtoto atafurahi kuokota makombe, anayetaka kuogelea atasubiri saa sita. Karibi tofauti hiyo mara nyingi haifiki hata nusu mita, na Maldivi ni kama mita moja. Kwa hiyo kabla ya kulipa, tazama kalenda ya mwezi. Na kanuni ya upepo haibadiliki hata pale: Agosti Paje inapigwa na kusi, ndiyo maana imejaa watu wa tiara za kuvutia ubao majini, wakati Kendwa, kaskazini-magharibi, imetulia na maji hayakimbii sana.

Bali sasa. Agosti ni kiangazi chake, mvua ni chache, na uchafu unaoletwa na bahari kwenye fukwe za magharibi ni tatizo la Desemba hadi Machi, halikuhusu. Tatizo lako litakuwa watu, kwa sababu nusu ya dunia iko likizo mwezi huo na barabara za kusini zinaganda. Jihadhari pia na fukwe maarufu za rasi ya kusini kule Uluwatu: nyingi ziko chini ya jabali, unashuka ngazi nyingi na kuzipanda tena, mawimbi ni ya wenye mbao za kuteleza mawimbini. Nusa Penida, kisiwa cha jirani, ndiyo kabisa. Ile picha ya jabali la Kelingking kila mtu anaipenda, lakini njia ya kushukia ufukweni ni genge tupu lenye vishikizo vya miti. Ukiamua Bali, kaa Sanur. Kuna mwamba unaovunja mawimbi, na kuna njia ya lami na vigae inayofuata ufukwe kwa kilomita kadhaa, tambarare, yenye mabenchi. Mama atatembea apendavyo na kukaa anapochoka.

Namna ninavyokagua ufukwe siku hizi ni hii. Nafungua picha ya setilaiti, nautafuta ule mstari mweupe wa povu mbali na ufukwe. Ukiuona, pale kuna mwamba, na maji ya ndani yake yametulia. Povu likiwa limegusa mchanga moja kwa moja, mawimbi yanavunjikia miguuni pako. Kisha naangalia ufukwe unatazama wapi. Mwisho nasoma maoni ya wageni ya mwezi wangu tu, na siangalii nyota walizotoa, natafuta maneno matatu: upepo, mwani, boti. Inachukua nusu saa, na imeniokoa mara nyingi kuliko wakala yeyote.

Jambo jingine, usihame hame. Niliwahi kupanga visiwa vitatu kwa siku nane, nikajiona mjanja. Kila kuhama ni nusu siku: kufunga mizigo, kusubiri gatini juani, kubebeshana mabegi, kufika chumba hakijawa tayari. Mkiwa na mtoto na mzee, siku tisa ni kituo kimoja, viwili kwa kulazimisha.

Ningekuwa wewe ningekwenda Morisi, kaskazini-magharibi, Trou aux Biches au Mont Choisy, na kama hukupata basi Flic en Flac. Vimbunga vyake ni vya Novemba hadi Aprili, kwa hiyo uko salama. Hakuna boti ya lazima, ukitoka uwanja wa ndege ni gari hadi mlangoni. Bustani ya Pamplemousses iko karibu, ardhi yake ni tambarare, na yale mayungiyungi yenye majani mapana kama ungo yatamfurahisha mama na mjukuu kwa pamoja. Nakutahadharisha mapema: ni majira ya baridi kule, maji yanashuka hadi nyuzi 23 hivi, mtoto atatetemeka dakika za kwanza na jioni mtavaa sweta. Nunua viatu vya mpira vya kuingilia majini, matumbawe yanakata na kuna viumbe wa miiba. Kama mkeo hataki kusikia habari ya sweta likizoni, basi Sanur.

Maldivi wekeni, mwende wawili tu mwezi wa Februari mtakapopata wa kumwachia mtoto.

Ukishapata hoteli mbili tatu, weka hapa majina ya fukwe zake, ya hoteli huna haja ya kuyataja, nitakutazamia zinaelekea wapi.