Karanga hataki tena ugali wake

SWALI: Shikamoo daktari. Nina mbwa jike anaitwa Karanga, ana miaka 11 na kilo kama 20. Amezaa mara mbili. Mwaka jana nilimkuta na kijivimbe kama punje ya mahindi kwenye chuchu ya nyuma, nikasema kitapotea. Sasa kimefika ukubwa wa ndimu, kimepasuka, kinanuka na nzi hawambanduki. Daktari wa hapa Tanga alimpiga picha ya kifua akasema saratani imeshafika kwenye mapafu, upasuaji hautamsaidia, nimtunze nyumbani. Alinipa dawa ya maji ya maumivu, imeisha wiki iliyopita, na sasa hataki tena ugali na dagaa. Duka la dawa wananiambia diklofenaki ni mulemule. Jirani anasema nipake oili chafu, tena nimtoe kabla hajawaambukiza watoto. Mume wangu anasema mbwa ni mbwa. Kijana anayetusaidia kazi ni Mwislamu, hataki kugusana na mate yake. Nifanyeje? Na siku ikifika nitaijuaje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tuanze na duka la dawa. Diklofenaki usimpe. Ibuprofeni pia usimpe, wala panadoli ya kukisia. Diklofenaki inachubua tumbo la mbwa mpaka linavuja damu, na figo zinafuata. Nimeletewa mbwa wa namna hiyo si mara moja, na kila mara mwenyewe alikuwa mtu mwenye huruma aliyetaka kumpunguzia maumivu.

Hiyo dawa ya maji uliyopewa huenda ni meloksikamu. Rudi kwa daktari wako uchukue nyingine. Najua kuna watu wananunua vidonge vya binadamu vya dawa hiyohiyo. Basi piga hesabu: baada ya dozi ya siku ya kwanza, mbwa wa kilo 20 anahitaji miligramu 2 kwa siku, na kidonge kidogo kabisa cha binadamu kina 7.5. Ukikivunja kwa kisu cha jikoni hujui umempa nini. Mpe dawa akiwa amekula. Akitapika, au choo kikawa cheusi kama lami, simamisha na upige simu. Na kama kuna aliyekupa prednisoloni, mwambie daktari kabla hujampa chochote, kwa sababu dawa hizo mbili hazikai tumbo moja.

Usimsubiri alie ndipo ujue anaumia. Mbwa haumwi kwa kelele. Utaona anabadili upande wa kulalia kila mara, anahema usiku wa baridi, anajitenga nyuma ya banda, au mtoto akimgusa mgongo anageuza kichwa kwa ghafla, yeye ambaye hakuwahi kumkoromea mtu.

Sasa kidonda. Oili chafu mwachie jirani aipake nguzo za banda lake. Mafuta ya taa na dawa ya kuogeshea ng'ombe navyo viko kundi hilohilo, vinaunguza nyama iliyo wazi na mbwa anavilamba. Chemsha maji nusu lita, tia kijiko cha chai kimoja cha chumvi, acha yapoe, osha kwa kumwagia asubuhi na jioni bila kusugua. Kausha kwa kitambaa safi, kisha mvishe fulana kuukuu ya mtoto, miguu ya mbele ipite kwenye mikono, na pindo ulifunge fundo juu ya kiuno asije akalamba. Fulana tatu zinatosha: moja mwilini, moja kwenye kamba, moja kwenye beseni. Mchana mlaze chini ya chandarua kuukuu. Kwa joto la Tanga nzi akitaga leo, kesho una mabuu, na mabuu yakishaingia ndani hiyo si kazi ya maji ya chumvi tena, mpeleke.

Watoto hawataambukizwa saratani. Usaha ndio una vijidudu, kwa hiyo vaa glavu na mnawe kwa sabuni, basi. Kijana wenu msimlazimishe. Mpeni kazi ya kuchota maji na kwenda buchani kununua maini, mambo ya mdomo wa Karanga fanya mwenyewe.

Umesema hataki tena ugali na dagaa. Kipashe moto chakula kidogo kitoe harufu, mpe kiasi cha kiganja mara nne kwa siku. Maini ya kuchemsha, yai, mchuzi wa samaki uliotoa miiba. Lakini asile mabaki ya mchuzi wenu, una vitunguu, na kitunguu kinavunja chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo hapana.

Halafu mfunue mdomo utazame ufizi. Ukiwa mweupe, usiseme haraka kuwa ni saratani. Mbwa wetu wana kupe, na homa ya kupe inaondoa hamu ya kula na kukausha damu vilevile, ila hiyo ina dawa. Nimeona mzee wa miaka 12 aliyekwisha kuchimbiwa kaburi akainuka kwa vidonge vya wiki chache.

Mapafu utayafuata kwa kuhesabu. Alfajiri, kabla ya joto, akiwa amelala fofofo, tazama ubavu. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu nusu dakika, zidisha mara mbili. Chini ya 30, endelea na shughuli zako. Ikipita 30 asubuhi mbili mfululizo, mpigie daktari. Akihema mdomo wazi shingo kainyoosha na ulimi umegeuka rangi, usingoje asubuhi.

Kuhusu siku yenyewe. Andika mambo matatu anayoyapenda Karanga, wewe unayajua, mimi siyajui. Labda kukimbilia geti akisikia pikipiki ya mume wako. Kwenye kalenda ya ukutani weka alama kila siku anayoshindwa mawili kati ya hayo. Alama zikizidi siku nyeupe katika wiki, mwite daktari aje nyumbani na sindano ya kumpumzisha. Mimi nilikuwa na jike langu hapa Morogoro, nikachelewa wiki mbili, baada ya miaka 30 ya kuwaambia watu wasichelewe. Kila jioni alikuwa anatikisa mkia nikiingia, nami nikauhesabu mkia.

Shimo la kumzikia lizidi mita moja. Dawa ile inabaki mwilini, na mbwa mwingine akimfukua akala, anaweza kufa yeye.

Mume wako mpe hiyo kazi ya kalenda.

SWALI: Dume langu linadondosha damu kwenye uume, na ndani kuna nyama kama koliflawa. Mtaani wanasema ni kansa, nimuue. – Msomaji, Dodoma

JIBU: Usimuue bado. Maelezo yako yanafanana sana na uvimbe ambao mbwa huambukizana kwa kupandana na kulambana. Ni kansa kweli, na ya ajabu: chembe za mbwa wote wenye uvimbe huo duniani zimetokana na mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Daktari atapima kwa kupaka majimaji yake kwenye kioo. Ikithibitika, anachomwa vinkristini mara moja kwa wiki, mara nyingi sindano nne hadi sita, na wengi wanapona kabisa. Dawa hiyo lazima iingie kwenye mshipa, ikimwagikia nje nyama inaoza, kwa hiyo usimkubali mtu anayekuja na bomba la sindano mfukoni. Kwa siku mbili baada ya kila sindano safisha mkojo wake ukiwa na glavu. Ila kabla ya yote hayo mfunge, maana usiku wa leo atakuwa kwa jirani.