Kabla hujasimamisha pesa ya nyanya wa mtu

Wewe unayeanza kazi ya malipo ya umma huku Kisumu, nakuomba usiifunge laini ya simu anayolipwa mtu kwa sababu tu kompyuta imemshuku.

Mwanzoni mwa kazi hii tulifundisha modeli, yaani programu ya kompyuta inayojifunza kutokana na data, kunusa wizi katika malipo ya wazee. Ikatuletea orodha: laini kadhaa, pesa yote imetolewa dakika chache baada ya kuingia, wakala ni yuleyule, na majina ya laini hayaoani na ya vitambulisho. Tukaona wizi mtupu, tukasimamisha malipo. Nilipofika Ahero nikakuta wazee walikuja pamoja kwa tuktuk moja, na wakala yule ndiye pekee aliyekuwa na pesa taslimu za kutosha siku hiyo. Nyanya mmoja laini yake ilisajiliwa kwa jina la mjukuu, maana kitambulisho chake kilikuwa kimepotea. Alikuwa amekula unga wa kukopa dukani tangu tumzuilie pesa. Bado inaniuma.

Pia usilewe na asilimia. Tuseme malipo ni 10,000 na ya wizi ni 20. Modeli inayosema "yote safi" bila kuangalia chochote itakuwa sahihi kwa asilimia 99.8, na haitakuwa imekamata mwizi hata mmoja. Uliza mambo mawili: kati ya wezi, imewaona wangapi? Na kati ya iliowashuku, wangapi hawana hatia? Hilo la pili ndilo wakubwa husahau kuuliza.

Hata hivyo, akili unde (AI), inayoendesha modeli kama hizi, si adui. Mwaka 2020, wakati wa korona, Togo iliitumia kusoma picha za setilaiti na data za matumizi ya simu ili kuwatambua maskini wa kutumiwa pesa za mpango wa Novissi. Iliwafikia wengi haraka. Lakini asiye na simu hana alama anayoiachia mashine, na huku kwetu simu moja huhudumia boma zima.

Soma kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019. Kinampa mwananchi haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Sisi sasa, modeli ikishuku, mtu humpigia mwenye laini kwanza, kwa Kidholuo au Kiluhya, na pesa huendelea kutoka hadi mwenye laini apatikane.