Safu ya Walimu wa Sayansi: Kwa nini maji hupanda mshumaa ukishazimika?

SWALI: Nafundisha darasa la sita. Tulisimamisha mshumaa kwenye sahani ya maji, tukaufunika kwa glasi, ili waone kwamba oksijeni ni kama moja ya tano ya hewa. Mwanafunzi mmoja akauliza: "Mbona maji hayakupanda mshumaa ulipokuwa unawaka, yakaja kupanda ulipozimika?" Nimjibu nini?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Usimjibu kwanza. Mtoto huyo ameona jambo ambalo maelezo yaliyozoeleka hayawezi kulieleza, na swali lake linatosha vipindi viwili. Kama maji yangekuwa yanajaza nafasi ya oksijeni iliyokwisha, yangepanda taratibu tangu mwali unawaka. Tena mshumaa hauimalizi oksijeni. Hewa ya kawaida inayo asilimia 21 hivi, na mwali hufa ikishuka kufikia 16 hivi. Na ile iliyotumika huacha kabonidayoksaidi na mvuke wa maji.

Andika swali lake ubaoni kwa maneno yake mwenyewe. Kisha uliza: tukiweka mishumaa mitatu ndani ya chupa ileile badala ya mmoja, maji yatapanda zaidi, yatapungua au yatakuwa sawa? Kila mmoja aandike ubashiri wake na sababu, kwa kalamu ya wino, kabla kiberiti hakijawashwa. Anayeamini ni oksijeni atasema sawa, maana chupa ni ileile na hewa ni ileile. Anayeamini ni joto atasema zaidi. Hapo ndipo uzito wa somo ulipo: swali moja linalowatenganisha wenye maelezo mawili tofauti. Bila hilo, watoto watawasha mishumaa, watafurahi, na hawatajifunza chochote.

Kila kundi lipate bakuli pana, maji yenye kina cha sentimita 3, matone machache ya wino ili yaonekane, chupa ya kioo ya nusu lita yenye mdomo mpana, na vipande vya mshumaa vya sentimita 4 vilivyogandishwa kwa nta yake. Weka sarafu tatu chini ya ukingo wa chupa, la sivyo mdomo utakaa kwenye bakuli na kuziba njia ya maji. Pima kimo cha maji kwa rula, rudia mara tatu kwa mshumaa mmoja, mara tatu kwa mitatu.

Majibu yakitofautiana sana, angalia kwanza kasi ya mkono. Anayeshusha chupa polepole juu ya mwali hufungia hewa iliyokwisha kupata moto, na maji hupanda zaidi. Basi mtu mmoja ashushe chupa mara zote, kwa kasi moja. Kosa jingine ni kurudia bila kuipepea chupa: gesi ya jaribio lililopita hubaki humo na mwali hufa mapema. Na maji yakiwa haba, huisha bakulini, hewa huingia kwa chini, kipimo kinaharibika.

Mishumaa mitatu itapandisha maji zaidi. Waambie warudie huku wakitazama ukingo: mara nyingi wataona mapovu yakitoka mwanzoni. Mwishowe suuza chupa kwa maji ya moto yasiyochemka (yakichemka kioo kinaweza kupasuka), mwaga, uipindue haraka bakulini bila mshumaa wowote. Maji yatapanda. Sasa ndipo useme: hewa ilipashwa moto, ikatanuka, nyingine ikatoka, mwali ulipokufa iliyobaki ikapoa, mvuke ukawa maji, na hewa ya nje ikayasukuma maji ndani.

Ile asilimia 21 bado ni sahihi. Jaribio hili ndilo lisiloithibitisha. Ukitaka kuionyesha, tumia nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, zile zinazoshika kutu. Zioshe kwa siki kuondoa mafuta, zisukume hadi chini ya neli ya kioo, ipindue ndani ya maji, uiache siku kadhaa. Kutu hula oksijeni bila moto, na maji hupanda karibu moja ya tano.

SWALI: Nina wanafunzi 80 na kipindi cha dakika 40. Inawezekana?

JIBU: Ndiyo, kwa kulipasua somo. Siku ya kwanza ni swali na ubashiri tu, dakika 15 za mwisho wa kipindi kingine. Siku ya pili ni vipimo: makundi 10 ya wanane, matano yakifanya mshumaa mmoja, matano mitatu, yote yaandike namba kwenye jedwali moja ubaoni. Wanane ni wengi, kwa hiyo wawili washike vifaa, wawili wapime, wawili waandike, wawili kazi yao iwe kutafuta kosa. Kubadilishana kazi ni lazima, la sivyo walewale watashika kiberiti mwaka mzima.

SWALI: Wanafunzi wangu wanataka kurudia jaribio la Mpemba, lile linalodai kwamba maji ya moto yanaweza kuganda kabla ya maji baridi. Tumejaribu mara mbili, maji baridi yakaganda kwanza. Tumekosea wapi?
Mwalimu wa kidato cha tatu, Tanga

JIBU: Huenda hamkukosea. Erasto Mpemba aliliona jambo hili mwaka 1963 akiwa Shule ya Sekondari Magamba, mchanganyiko wake wa moto wa aiskrimu ulipowahi kuganda. Alidhihakiwa, akaendelea kuuliza, na mwaka 1969 yeye na mwanafizikia Denis Osborne wakachapisha matokeo yao. Mpaka leo wanasayansi hawajakubaliana. Utafiti wa Burridge na Linden wa mwaka 2016 haukupata ushahidi wa kuaminika, ukaonyesha kwamba kukiweka kipimajoto juu au chini kidogo tu kunaweza kugeuza jibu.

Kabla ya mara ya tatu, kubalianeni "kuganda" ni nini: barafu ya kwanza, au yote kuwa ngumu? Vyombo viwe sawa, mililita 70 kila kimoja, na viwekwe juu ya kadibodi, kwa sababu cha moto huyeyusha theluji ya friza na kugusa chuma vizuri kuliko mwenzake. Pimeni uzito kabla na baada, ili mjue ni maji kiasi gani yametoka kama mvuke. Mara inayofuata badilishaneni nafasi za vyombo, na friza isifunguliwe kila dakika.