Usisaini mashine ya kupima iodini kwa sababu ya 0.99

Juzi msomaji kaniandikia inboksi, maabara yao wameletewa mashine ya kupima iodini kwenye mkojo kwa majaribio, wameilinganisha na njia yao ya mkono wakapata korelesheni 0.99, yaani namba za njia mbili zinapanda na kushuka pamoja karibu kabisa, sasa bosi anataka msomaji huyo asaini kuikubali mashine, afanyeje? Nilivyoiona hiyo 0.99 moyo ukaniuma, maana na mimi niliwahi kusaini kwa namba hiyohiyo.

Nimepima iodini kwa mkono miaka mingi, ile njia ya Sandell na Kolthoff ya tangu 1937. Unachemsha mkojo na amoniamu pasalfeti kama saa zima, unaweka aseniki, unaweka seriamu ya njano, halafu unakodolea saa macho huku njano inapauka. Iodini ikiwa nyingi inapauka upesi, ikiwa kidogo inang'ang'ania. Kila tyubu isomwe kwa muda uleule na joto lilelile, la sivyo namba inayumba. Kwa hiyo mashine inayojipimia muda yenyewe niliipenda hata kabla haijatoka kwenye boksi, na hapo ndo nilipokosea.

Wauzaji walikuja na maji yao yenye iodini safi, grafu ikanyooka kama rula. Sampuli zetu za kulinganisha zilianzia chini kabisa mpaka maikrogramu 600 kwa lita, na zikisambaa hivyo korelesheni itapendeza tu, hata kama mashine inaongeza 30 kwenye kila sampuli! Sikuliwaza hilo. Nikasaini.

Miezi miwili baadaye sampuli ya mama mjamzito ikatoka 94. Sijui nini kilinituma nikairudia kwa mkono, nikapata 41. Nikairudisha kwenye mashine ikiwa peke yake, 43. Nikashika listi kuangalia iliyoitangulia ni ya nani, kumbe ni mgonjwa aliyetoka kupigwa picha ya CT kwa dawa ya iodini, mkojo wake uko juu mpaka mashine imeshindwa kuusoma. Sindano ya mashine inayofyonza mkojo ilikuwa haioshwi vya kutosha, inambebea jirani mabaki. Nilipolisema kikaoni nikaambiwa naogopa teknolojia, nalinda kibarua changu. Ile kauli haijanitoka mpaka leo, ingawa siku niliyopanga sampuli tatu za juu zikifuatwa na tatu za chini mbele yao, ya kwanza ya chini ikapanda palepale na hakuna aliyeongea tena.

Jamani, hizi siyo namba za kupamba ripoti. Shirika la Afya Duniani linataka mediani, ile namba ya katikati ya kundi zima, ya wajawazito iwe 150 mpaka 249, na ya watoto wa shule 100 mpaka 199. Mashine ikipandisha kidogo tu, jamii yenye upungufu inaandikwa iko salama, na anayeumia ni mtoto ambaye ubongo wake unajengwa tumboni. Wewe unayesaini lazima uogope hilo kuliko unavyomwogopa bosi.

Kwa hiyo ndugu yangu, tumia mkojo halisi, siyo maji ya muuzaji. Tafuta sampuli nyingi za chini ya 50, huko ndiko kosa la mashine linakojificha. Chora tofauti ya kila sampuli kati ya njia mbili, achana na korelesheni. Changanya mkojo wa watu kadhaa, gandisha kwenye vichupa, pima kila siku uone kama namba inakaa. Uliza mkojo unachemshiwa wapi, maana mashine ikiruka hiyo hatua vitamini C na thiosaianeti vitasomeka kama iodini. Chupa ya dawa ya vidonda yenye iodini itoke chumbani kabisa. Na mjiunge na EQUIP, mpango wa CDC, taasisi ya afya ya Marekani, wa kukagua maabara za iodini, wanatuma sampuli ambazo jibu lake wanalo wao.

Hiyo ya tatu juu tatu chini ifanye kesho asubuhi, kabla ya kikao, uende na karatasi mkononi.