Stendi Inayotikisika: Maswali ya Wenye Darubini Ndefu

Safari hii karibu barua zote zimetoka kwa wenye darubini za lenzi, zile ndefu. Nimechagua hizi.

Shikamoo mwalimu. Darubini yangu ina lenzi ya milimita 150 na bomba la mita moja na nusu hivi. Nikigusa tu kitufe cha kufokasi, Zohali inarukaruka mpaka nachoka kusubiri. Stendi ni ya chuma, nzito kweli. Tatizo ni nini? (Nkuhungu)

Marahaba. Uzito wa stendi usikudanganye. Kinachokutesa ni urefu wa bomba. Kilo ileile ukiisogeza mara mbili mbali na mhimili, yaani pale bomba linapozungukia, inakuwa ngumu kuituliza mara nne. Ndiyo maana darubini fupi inayotumia kioo badala ya lenzi, yenye kilo sawa na yako, itatulia vizuri juu ya stendi hiyohiyo.

Anza na miguu. Bila shaka umeivuta yote, kwa sababu ukitazama utosini lenzi ya jicho inashuka karibu na magoti. Tena lenzi ya mbele ni nzito, kwa hiyo bomba linasawazika karibu na mbele na mkia unazidi kurefuka. Lakini mguu ukirefuka mara mbili, unapinda kirahisi mara nane. Rudisha miguu ndani, panua mkao wake, kisha mwombe fundi seremala akutengenezee kiti kinachoweza kupandishwa na kushushwa. Ni nafuu kuliko stendi mpya.

Halafu tafuta kiungo kinachocheza. Elekeza kwenye nyota, mwenzako agonge bomba polepole kwa kidole, wewe ukiweka ncha za vidole juu ya kila kiungo, kidole kimoja upande huu, kingine upande wa pili. Pale pande mbili zinapocheza kila moja kivyake, hapo ndipo pa kukaza. Mara nyingi ni boliti za juu ya miguu, au lile bamba linaloshika bomba. Bamba la upana wa milimita 44 halifai bomba kama lako. Tafuta la 75, na pete mbili za bomba uziweke mbalimbali kadiri nafasi inavyoruhusu. Ukigonga na nyota ikatulia ndani ya sekunde mbili au tatu, acha, furahia anga.

Nimeshauriwa nitundike ndoo ya mchanga katikati ya stendi. Kweli inasaidia? (Kondoa)

Kidogo. Inazuia stendi kupinduka na inabana viungo, ila mguu mwembamba unabaki mwembamba. Ikining'inia huru, upepo utaibembeza na utakuwa umejiongezea mtikisiko mwingine, kwa hiyo iache iguse ardhi. Kama miguu yako ni mabomba matupu, bora mchanga mkavu uliochekechwa uumimine humo ndani. Chuma kitupu huvuma muda mrefu kikigongwa. Mchanga unaumeza mtetemo huo.

Kichwa changu cha ikweta hakishuki chini ya nyuzi 15, na hapa Dodoma tuko nyuzi 6 kusini. Nikilazimisha kwa kuinamisha stendi, inataka kuanguka. (Kikuyu)

Usilazimishe. Kichwa cha ikweta mhimili wake huinamishwa nyuzi sawa na za mahali ulipo, ili kifuate nyota. Mtindo huu uitwao wa Kijerumani, bomba upande mmoja na uzito wa mizani upande wa pili, ulianza na Joseph von Fraunhofer, aliyeutumia kwenye darubini ya Dorpat mwaka 1824, mji ambao leo ni Tartu, Estonia, karibu nyuzi 58 kaskazini. Kule mhimili unasimama wima kiasi na mzigo unakaa juu ya nguzo. Kwetu mhimili unakaribia kulala, mzigo wote unaning'inia kusini.

Mwambie fundi wa kuchomelea akuundie kabari ya bamba nene chini ya kichwa, stendi yenyewe ibaki sawa kwa pima maji. Mguu mmoja uelekee kusini. Hakikisha fimbo ya uzito wa mizani haigongi mguu huo; ikigonga, tumia uzito mkubwa zaidi ulio karibu na mhimili. Hata kutulia kunakuwa kwepesi hivyo. Na kama hupigi picha, mimi ningeuza kichwa hicho nikanunua kingine imara, kile cha kwenda juu-chini na kushoto-kulia tu. Shida yote hiyo ya nini?

Nataka kujenga nguzo ya zege uani, lakini udongo wetu ni mweusi, wa mbuga. (Bahi)

Udongo huo ndio unaopasua kuta za nyumba: masika unavimba, kiangazi unanywea. Chimba mpaka uupite ufike ardhi ngumu. Usipoifikia, tafuta sehemu nyingine ya kiwanja. Kitako cha chini kiwe kipana kuliko nguzo, weka nondo, na mwagilia zege kila siku kwa wiki nzima. Ukisakafia kuzunguka nguzo, acha mwanya wa vidole viwili, la sivyo kila hatua ya mgeni utaiona kwenye Mshtarii. Juu, boliti zinazoshika bamba ziwe fupi. Watu wanamwaga zege la maana, kisha wanasimamisha kichwa juu ya boliti nne ndefu nyembamba, na udhaifu wote unahamia hapo.

Upepo wa jioni je? (Kisasa)

Jikinge na ukuta au turubai upande unakotokea. Na kiangazi chetu hakina umande wa kutisha, kwa hiyo ile shingo ya mbele ya kuzuia umande, inayodaka upepo, irudishe nyuma au ivue kabisa.