Mdogo wangu, usiazime ukoo wa watu kwa ajili ya kura za gildi

Futa hiyo hotuba. Sijamaliza hata kusoma swali lako na tayari nimekasirika, si kwako, kwa huyo anayekushauri. Unasema unagombea urais wa gildi, yaani serikali ya wanafunzi chuoni, baba yako ni Mwaluri wa Pakwach kule West Nile, wewe umekulia Kawempe hapa Kampala na Luganda unakimwaga, na meneja wako wa kampeni anataka siku ya mdahalo ujitambulishe kwa jina la Kiganda, na ukoo juu yake, "ili kura za mjini zisipotee". Unauliza kama kuna ubaya. Halafu unauliza mabango yachapwe wapi kwa bei nafuu, na ugawe vipi muda wako kati ya kampeni na vipindi. Hayo mawili yangoje.

Ubaya upo. Ukitaka kuuona kwa macho, mimi hapa.

Mimi ni Mnubi wa Bombo, mji ulio kaskazini ya Kampala. Wazee wetu ni wale askari wa Emin Pasha, gavana wa Ekwatoria, waliobaki karibu na Ziwa Albert, Lugard, ofisa wa Kiingereza, akaja kuwachukua mwaka 1891. Nyumbani tunasema Kinubi, barabarani Kiswahili, dukani Luganda. Chuoni nilikuwa mwakilishi wa darasa, wale wa kushinda kwenye foleni ya ofisi ya ada kumwombea mwenzako aruhusiwe kufanya mtihani huku salio halijaisha. Nimegombana na wenye hosteli juu ya maji mpaka mlinzi mmoja akawa ananifungia geti akiniona tu. Watu walinijua kwa hayo. Hakuna aliyewahi kuniuliza kabila wakati namhangaikia karatasi ya mtihani.

Kisha akaja meneja. Kila kampeni inaye mmoja: simu mbili, ilani hajaisoma, kikomando, chapati na maharage, anakula kwa pesa yako. Nilikuja kugundua baadaye kwamba kampeni zote alizowahi kuzisimamia zilianguka, lakini wakati ule aliongea kama mtu aliyemweka Museveni madarakani. Akaniambia watu wakisikia Mnubi wanamwona Idi Amin, yule dikteta. Akanikataza hata Kiswahili jukwaani, eti ni lugha ya bunduki. (Mwaka 2022 baraza la mawaziri lilikipitisha kiwe lugha rasmi. Natumaini alikuwa karibu na redio.) Akanitafutia jina la Kiganda na kunipachika kwenye ukoo wa Ffumbe, kwa sababu ana rafiki wa Ffumbe na "wale hawana maneno".

Hawana maneno!

Siku ya mdahalo ukumbi umejaa, wengine wamening'inia madirishani. Nikalisema lile jina, nikasema "nneddira Ffumbe", yaani ukoo wangu ni Ffumbe, makofi yakapigwa. Meneja kule nyuma ananionyesha dole gumba. Akasimama dada mmoja wa mstari wa mbele, mpole kabisa, akachukua kipaza sauti. Hakunitukana. Alisema, "Karibu sana kaka, mimi pia ni wa Ffumbe. Tulanyie basi tujue tunakutana wapi."

Wewe umekulia Kawempe, unajua kulanya ni nini. Ni zaidi ya kutaja jina. Unataja baba, babu, baba wa babu, unapanda ngazi za ukoo, lunyiriri, mutuba, ssiga, mpaka unafika kwa mkuu wa ukoo, ambaye kwa Ffumbe ni Walusimbi, na asili yao Bakka kule Busiro. Haya yote nayajua leo. Siku ile nilifika kwa baba, babu nikamtunga papo hapo, nikakwama. Yule dada nadhani alinionea huruma, akanipa swali la watoto wa shule ya msingi: kabbiro yetu ni nini? Yaani ule mziro wa pili, mnyama au kitu cha kuutambulisha ukoo. Nikapiga hesabu kwamba mnyama mkubwa hawezi kuniangusha, nikajibu simba.

Ni chura. Kikere.

Sina haja ya kukueleza kile kicheko. Nimehitimu naitwa Kikere. Kuna watu wazima wenye ndevu na watoto wanaoniita Kikere hadi leo, na mmoja wao ndiye anayetia sahihi mshahara wangu, kwa hiyo nacheka naye.

Lakini usidhani hasara ilikuwa jina la utani, wala hata kura, ingawa kura nazo zilienda. Waganda hawakuniudhikia kwa Unubi. Bombo tumeishi nao miaka mingapi, tumeoana, tumezikana. Waliudhika kwa sababu nilichezea kitu chao ambacho watoto wao hufundishwa wakiwa wadogo. Na wale wa West Nile, Walugbara, Wakakwa, hao Waluri wenzako, waliokuwa wakinizungushia karatasi mlango kwa mlango usiku, kesho yake hawakuja. Hawakugomba. Mmoja tu alinirudishia fulana za kampeni, zimefuliwa na kukunjwa. Afadhali angenipiga.

Video ikafika Bombo kabla yangu. Bibi yangu, ambaye kisra, ule mkate wetu mwembamba, na vikapu vyake ndivyo vilivyonilipia ada, hakupiga kelele. Aliniuliza kwa Kiswahili, si kwa Kinubi, na hapo nikajua nimekwisha: "Mwaka 79, Amin alipoangushwa, tulificha jina kwa kuogopa bunduki. Wewe uliogopa nini?" Mtu na digrii yake, sikuwa na jibu.

Na jina lenyewe limo kwenye Katiba! Ya 1995, Jedwali la Tatu, linaloorodhesha jamii zilizokuwepo ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Wanubi wamo. Waluri mmo. Nchi nzima imeniandika, mimi nikaenda kuazima chura.

Basi shika moja tu: usitamke asili ambayo bibi yako mwenyewe hawezi kukusahihisha. Ukishaipima hivyo, iseme wewe kabla mpinzani hajaisema, sentensi mbili, kisha uende kwenye maji na taa za njia ya hosteli. "Baba yangu ni Mwaluri wa Pakwach, mimi nimekulia Kawempe." Imetosha. Ukiulizwa zaidi unayo mengi: Gipir na Labongo, wale ndugu wa hadithi ya kale ya wazee wenu, mkuki, ushanga, shoka lililozikwa Wang Lei pale pale Pakwach. Watu wanasafiri kwenda kupaona mahali hapo, wewe una damu yake na unatafutiwa ukoo na jamaa wa kikomando. (Ila hadithi ya ndugu wawili kutengana usiiweke kwenye ilani. Wapinzani watakuuliza Labongo ni nani kwenye kamati yako.)

Kwa hiyo leo jioni mpigie baba. Muulize jina la kijiji, jina la babu na la baba wa babu, na nani wa kwanza kwenu kuja Kampala, alikuja kwa kazi gani. Andika kwa mkono wako mwenyewe, umsomee kwa simu, akusahihishe matamshi. Meneja akigoma, mpe nauli ya boda aende. Na kabla hajapanda, mdai funguo za ofisi ya kampeni. Wangu aliondoka nazo.