Binti yangu ana B. Je, ataingia Uuguzi chuo kikuu cha umma?

SWALI: Mwalimu, hujambo. Binti yangu amepata B ya pointi 66 katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya: Hisabati C+, Kiingereza B, Kiswahili B+, Bayolojia B+, Kemia B-, CRE (Elimu ya Dini ya Kikristo) A-, Jiografia B+ na Kilimo B. Anataka Uuguzi, hasa pale Chuo Kikuu cha Masinde Muliro ili awe karibu na nyumbani. Jirani ananihakikishia kuwa mwenye B hakosi. Ni kweli? – Mama, Mumias

JIBU: Sijambo, Mama, na hongera kwa binti. Jirani ametazama gredi ya jumla peke yake. Gredi hiyo humwingiza langoni tu, kwa sababu digrii yataka C+ kwenda juu. Kozi huamuliwa na masomo manne ambayo kozi hiyo huyahesabu, yaani klasta.

Kwanza masharti. Uuguzi unadai C+ au zaidi katika Bayolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Ile C+ ya Hisabati ndiyo iliyomwokoa. Ingekuwa C, na Fizikia hakufanya, basi pointi 66 zisingemsaidia. Nimewahi kukaa na kijana wa B+ akibubujikwa na machozi mezani pangu kwa sababu ya C moja ya Kemia.

Sasa shika kalamu. A ni pointi 12, A- ni 11, na kuendelea kushuka. Bayolojia 10, Kemia 8, Hisabati 7, Kiswahili 10: jumla 35. Gawa 35 kwa 48 (upeo wa masomo manne), gawa 66 kwa 84 (upeo wa masomo saba yanayohesabiwa katika gredi ya jumla), zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha uzidishe kwa 48. Utapata 36.3, ndizo pointi zake za klasta. Huyo huyo, kwa kozi inayohesabu Kiswahili, Bayolojia, CRE na Jiografia, ana 41 na klasta yake inapanda hadi 39.3. Hayo ni makadirio, kwani KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, huhesabu kwa alama zenyewe za mtihani. Akifungua ukurasa wake kwenye tovuti yao ataona klasta zake halisi, afuate hizo.

Kisha alinganishe na pointi za mwaka uliopita za kozi ile katika chuo kile. Hizo si pointi zilizopangwa na mtu mapema. Ni za mwanafunzi wa mwisho aliyepata nafasi. Waombaji wakiongezeka, zinapanda. Kwa hiyo kuzidi kwa nusu pointi si usalama.

Uuguzi hugombaniwa mno, Mama, na 36.3 inanitia wasiwasi. Sitaki aache ndoto yake. Auombe Uuguzi kama chaguo la kwanza, lakini asiujaze kwenye nafasi zote. Nafasi zinazofuata aweke kozi ambazo klasta yake imepita za mwaka jana kwa pointi mbili au tatu, na ambazo angezisoma kwa moyo. Wengi hukosea hapa: hurudia kozi ile ile katika vyuo vinne, halafu wanabaki mikono mitupu.

Na kama ni uuguzi tu anaoutaka, diploma ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, inaanzia C ya wastani, naye ameipita mbali. Kampasi ziko Kakamega, Bungoma na Kisumu, na muuguzi wa diploma huweza kuendelea na digrii baadaye. Kaeni naye mezani, yeye ashike simu, wewe ushike karatasi ya hesabu, kabla dirisha la maombi halijafungwa.